Majani Yaliyoteremka

Mwezi uliopita, katika mkutano wa wazazi wa shule ninapofundisha, papa mmoja, baba wa mwanafunzi, alisimama nyuma ya darasa akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Alisema siku hizi watoto wanakuta bunduki kila mahali, mitaroni, mashambani, hata kwenye vyoo vya watu. Je, si afadhali tuwafundishe kuzishika? Wajue kutoa risasi, wajue kuweka bunduki chini bila kumuua mwenzao.

"Si tunabafundisha kuogelea sababu ya ziwa?" alisema. "Na hii iko vile vile."

Wazazi wakanung'unika. Wengine waliitikia kwa kichwa, wengine walisonya. Kisha macho yote yakanigeukia mimi, maana shule nzima inanijua kwa kuvunja bunduki. Watoto wa Kasha, mtaa wetu, hutengeneza bunduki kwa shina la mgomba, wanazichonga vizuri na kuzitilia mkanda wa kamba, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa nikizipokonya langoni na kuzivunja gotini mbele ya mstari wa wanafunzi. Wanafunzi wana jina lao la kuniita kwa ajili hiyo. Silitaji hapa, lakini si jina la heshima.

Basi nikasimama. Nikasema hapana. Nikasema mkono wa mtoto ni wa kalamu na kijiko, na kwamba anayemfundisha mtoto kutoa risasi amemfundisha pia kuitia. Nilisema vizuri, nakiri. Walinipigia makofi, na direkta wa shule akanipa mkono. Lakini hapakuwa na mtu katika darasa lile mwenye haki ndogo kuliko yangu ya kusema maneno yale.

Mimi ni mwoga. Nimeona niliseme mapema, ili msomaji asije akaningojea niwe shujaa.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa baada ya askari kuuhama mji na kabla hatujajua vizuri waliokuja ni watu wa namna gani. Tulikuwa tumelala chini ya vitanda kwa siku mbili, mke wangu, binti yangu wa miaka tisa na mimi. Asubuhi ya tatu milio ilipungua. Binti yangu akaomba aende kuwaona dende wake. Dende ni wanyama wadogo wasio na mkia, wanono, wanaolia kama mlango usiotiwa mafuta. Kwetu karibu kila mtoto anawafuga. Wake walikuwa kumi na mmoja, katika kibanda cha mbao nyuma ya jiko, na kila siku alitelemka bondeni kuwakatia majani.

Alitoka, akarudi upesi mno. Hakupiga kelele. Alifunga mlango nyuma yake kwanza.

"Papa, kuko kintu mu nyumba ya dende."

"Kintu gani?"

"Bunduki. Na manguo ya soda."

Nilimuuliza kama ameigusa. Akasema ameisogeza tu, kwa sababu ilikuwa imemlalia dende mmoja.

Nilikwenda kuangalia. Ilikuwa ya kweli, nyeusi, yenye mkanda uliopauka, na kando yake suruali na koti la soda, yaani la askari, vilivyoviringishwa. Mwenyewe bila shaka alivua pale pale akaondoka amevaa kaptula, au uchi, Mungu anajua. Dende walikuwa wamejibana pembeni wananiangalia. Nilirudi ndani nikakaa kitini, nikamweleza mke wangu nilichokiona.

Nguo zilikuwa rahisi. Mke wangu alizikatakata kwa mkasi akazichoma kidogo kidogo chini ya sufuria. Maharagwe ya siku ile yalinuka nguo, na hakuna aliyeyala. Bunduki haiungui. Kuizika hatukuweza, maana uani kwetu ni jiwe tupu, na nyumba za Kasha zimepandana mlimani hivi kwamba jirani wa juu anajua hata umekatia mboga kitunguu au hukukatia. Chooni? Choo tulishiriki nyumba nne, hakikuwa kirefu, na habari zilikuwa zimeshafika kwamba waliokuja wanachokoa vyoo kwa fito. Kungoja giza ndiyo haikuwezekana kabisa: aliyetembea gizani siku zile alipigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Kwenda kuripoti kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, kungekuwa jambo la busara, isipokuwa shefu alikuwa amekimbilia kwa shemeji yake upande wa pili wa mji, na alikimbia mapema kuliko watu wote.

Kulikuwa na mahali pamoja tu. Bondeni, wanapofyatua matofali, kuna mashimo ya udongo yaliyojaa maji ya mvua, marefu kuliko mtu. Kitu kikitumbukia mule, kimekwenda. Lakini kwenye kona ya chini ya avenyu yetu walikuwa wamesimama wawili wa hao waliokuja, wenye bunduki, na kila apitaye alipekuliwa. Kutoka dirishani tuliwaona wakimvua shati fundi seremala. Tuliwaona wakimwaga unga wa mama mmoja chini, wote, wakitafuta ndani yake. Mwingine alikuwa na mzigo wa kuni. Waliufungua wakatoa kuni moja moja.

Watoto tu ndio waliopita bila kupekuliwa. Njaa ya wanyama haijui vita, na mchana ule watoto wa mtaa walikuwa wameanza tena kutelemka bondeni na kupanda na mafungu ya majani kichwani. Wale wawili hawakuwatazama hata kidogo.

Niliona hilo. Mke wangu aliona pia, nina hakika, kwa sababu aliacha dirisha akaenda kukoroga maharagwe ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Tulikaa hivyo, kila mmoja akimngoja mwenziwe aseme, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo aanze yeye ili baadaye niweze kumlaumu.

Halafu tukasikia milango inagongwa upande wa juu wa avenyu. Wenzao wa wale wawili walikuwa wanashuka nyumba kwa nyumba. Mke wangu alihesabu kwa sauti ndogo: nyumba ya fundi viatu, nyumba ya mjane, nyumba yenye bati jekundu. Zilibaki tano.

Ni mimi niliyesema. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka vinginevyo, kwamba binti yangu alijitolea, kwamba mama yake alikubali kwanza. Hapana. Nilisema, "Mutoto anaweza kuibeba mu majani."

"Mutoto wangu hapana," alisema mke wangu.

"Basi sema weye, nani?"

Alinitazama. Nilijua jibu lake na yeye alijua kwamba ninalijua. Mlango mwingine ukagongwa, karibu zaidi, na mtu akapiga yowe. Mke wangu akajifunika uso kwa kitenge. Binti yangu alikuwa amesimama kati yetu na ndala zake mkononi.

"Ntaibeba," alisema. "Majani ya siku ingine iko. Dende hazikuyala."

Tulikwenda wote watatu kibandani. Nilitaka kwanza kuitoa risasi. Niliwahi kusikia kwamba ile magazini, kasha la chuma lililopinda chini ya bunduki, huchomoka, nami nikaivuta, nikaipindua, nikaitikisa. Jasho lilinitoka hadi machoni. Nilifundisha hesabu na sarufi miaka yote ile, na chuma hiki kilinishinda kama mlevi anavyoshindwa na kitasa.

"Si vile, papa," binti yangu alisema. "Sukuma hapa na kidole kikubwa. Halafu uilete mbele."

Nikasukuma kwa kidole gumba. Ikachomoka, ikaja mkononi mwangu kwa urahisi, kama jino la mtoto.

Sikumuuliza amejulia wapi. Hapakuwa na nafasi, na kusema kweli niliogopa kusikia. Niliweka bunduki na magazini yake katikati ya majani marefu, tukayafunga kwa kamba za mgomba pande tatu. Majani yalikuwa yamelowa na mazito, kwa sababu bati la kibanda lilivuja. Mama yake alimkunjia ngata ya kitambaa, akaiweka kichwani pake polepole, akaisawazisha mara mbili. Mimi nilimpandisha mzigo. Niliona shingo yake ikishuka kidogo, kisha ikasimama.

"Usikimbie," nilimwambia. "Na usiangalie nyuma."

Nikarudi dirishani. Kutoka dirisha letu njia yote inaonekana hadi kona, na baada ya kona inaonekana tena kipande kidogo kabla haijaingia migombani. Alikuwa anatembea polepole mno. Hivyo ndivyo nilivyowaza, najua ni aibu: nilimkasirikia. Watoto wengine walitembea kwa mwendo wa kawaida, wakirukaruka mawe, na yeye alinyata utadhani amebeba sufuria ya mafuta ya moto. Nilisema kwa sauti, mutoto huyu atatuuwa, mbona hatembei kama wengine?

Ndipo nilipoona.

Watoto watatu walikuwa wanapanda njia ile ile, na mafungu ya majani vichwani. Nyuma yao wengine wawili, na majani. Wote walikuwa wanapanda. Majani hutoka bondeni kuja nyumbani. Tangu Kasha iwe Kasha hakuna mtoto aliyewahi kubeba majani kutoka nyumbani kuyapeleka bondeni, ambako majani ndiko yanakoota. Binti yangu alikuwa peke yake katika mlima mzima anayeteremka na fungu la majani kichwani.

Watu wazima wawili, mmoja wao mwalimu, tulikuwa tumefikiri kila kitu isipokuwa hilo.

Nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga. Kumwita kungewageuza wale wawili. Nilishika vyuma vya dirisha kwa mikono yote miwili. Woga nilioujua kabla ya hapo ulikuwa woga wa mwili wangu, wa kujikunja chini ya kitanda. Huu ulikuwa mwingine. Huu ulikuwa umesimama barabarani mbali nami, una miguu miembamba na ndala za bluu, na sikuwa na namna ya kuulalia juu nikaufunika.

Alifika konani. Mmoja wa wale wawili, yule mdogo, aliinua mkono. Binti yangu akasimama. Waliongea. Sikusikia neno, niliona tu kidole cha yule mwenye bunduki kikionyesha chini bondeni, kisha kikionyesha majani kichwani mwa binti yangu. Alikuwa ameona. Bila shaka aliona, yeyote aliyelelewa shambani angeona. Akasogea, akaingiza mkono ndani ya fungu, akachomoa konzi ya majani. Angeuzamisha mkono kidogo tu zaidi angeshika chuma. Aliyakamua yale majani. Aliyanusa. Nikaona mabega yake yanacheka.

Akampisha.

Yaliyosemwa pale binti yangu alitusimulia baadaye, kwa kipande kipande, kama mtu anayesimulia masomo ya siku.

"Aliniuliza, we kadogo, majani uko napeleka wapi na majani inatoka kule? Nikamuambia hii iko na maji, papa alisema nikatupe, juu dende zikikula majani ya maji tumbo inavimba. Akasema ni kweli. Akasema kwabo alikuwa na dende makumi mbili. Aliniuliza kama zangu ziko ngapi."

"Na weye?"

"Nikasema kumi na moja. Akasema hajue kwabo ni nani anazikulishaka sasa."

Yule mwenye bunduki alikuwa wa miaka mingapi, nilimuuliza. Alifikiri, akasema anaweza kuwa sawa na mtoto wa dada yangu. Mtoto wa dada yangu wakati ule alikuwa mwaka wa pili wa sekondari.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Wakati ule nilimwona akiinamisha kichwa, akipita kona, akitokea tena kwenye kile kipande cha njia, bado polepole, polepole kabisa, na migomba ikammeza. Muda huo huo mlango wetu ukagongwa. Waliingia wanne. Waliinua godoro, wakafungua sanduku la vitabu vyangu, mmoja akainama kibandani akatoka na kinyesi cha dende kwenye buti, akanitukana. Waliuliza kama tuna watoto.

"Mumoja," mke wangu alisema. "Ameenda majani."

Sauti yake haikutetemeka. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, mikono juu, nawaza tu kwamba ikisikika risasi kutoka bondeni nitajua ni ya nani.

Walikwenda. Hatukuketi. Mke wangu alisimama mlangoni na mimi dirishani, wala hatukuangaliana. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Kisha nikaziona ndala za bluu zikipanda, na juu yake fungu la majani mapya, makavu, yamefungwa vizuri. Alikuwa ameyakata. Alijua kwamba kurudi mikono mitupu kungekuwa kosa jingine, na safari hii hakungoja wazazi wake wafikiri.

Mama yake alimtua mzigo akamkumbatia, akamshika kichwa, akamshika shingo, kama anayehesabu kama viungo vyote vipo. Alikuwa analia kwa sauti. Binti yangu alijinasua taratibu akanijia. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akanyoosha kiganja.

Palikuwa na risasi moja.

"Nilitaka uone," alisema. "Ilikuwa inabakia mu ndani."

Sikuelewa. Nilimwambia tulitoa magazini, nilitoa mimi mwenyewe.

"Ukitosha chargeur, ile magazini, moja inaweza kubakia, papa. Nilisahau kukuambia. Nilikumbuka mu njia, pale kwa fundi seremala, na sikuweza kurudi. Ndiyo maana nilikuwa natembea polepole." Alionyesha kwa mikono, mguu mmoja ameukita chini, jinsi alivyovuta kile chuma cha pembeni kwa nguvu zote kando ya shimo, mpaka risasi ikaruka ikaangukia matope. Akaitafuta, maana watoto wanaogelea pale. Bunduki na magazini alivitupa katikati, mahali penye kina.

"Nani alikufundisha?"

Alisita. Aliona kwamba atamchongea mtu.

"Batoto ya classe yako," alisema. "Benye unabavunjiaka bunduki za mugomba. Bo banajua yote."

Aliendelea kunyoosha kiganja, kama wanafunzi wanavyoniletea kipande cha chaki walichookota sakafuni. Nilipaswa kuipokea. Mkono wangu ulikataa kunyooka. Nilikiona kitu kile kimelala kati ya vidole vidogo vyenye madoa ya majani, na niliogopa, niliogopa hata mbele yake, hadi mama yake akaja akaichukua na kwenda nayo jikoni. Sijawahi kumuuliza aliipeleka wapi.

Tangu siku hiyo, bunduki za migomba bado nazipokonya langoni. Sizivunji tena gotini. Naziweka nyuma ya kabati, na watoto wanadhani nimezeeka.

Basi jioni ya mkutano ule nilirudi nyumbani na makofi ya wazazi bado masikioni. Jua lilikuwa halijazama. Binti yangu, ambaye sasa ni mrefu hadi kwenye bega langu, alikuwa amechuchumaa kibandani anagawa majani. Aliniuliza wazazi walitaka nini. Nikamweleza swali la yule papa.

"Na weye ulibaambia nini?"

"Nilibaambia bunduki haiko kintu ya mutoto."

Aliitikia kwa kichwa. Alitenga majani yaliyolowa pembeni, akawapa dende yale makavu. Kisha akauliza, bila kugeuka, bila hasira yoyote, kama anayeuliza nani atakwenda kuchota maji kesho:

"Na ikikuja tena, nani ataibeba?"

"Miye," nilisema.

Aligeuka akanitazama. Halafu akacheka kidogo, kwa adabu, jinsi wanafunzi wanavyocheka mwalimu anapojaribu kutania, na akarudi kwa dende wake.